Gari la kulala linatikisika: kabla hujalipia balansi, lisome tairi lenyewe

Coaster yetu ilianza kazi kwa kubeba watoto wa shule. Sasa ina vitanda viwili, jiko la gesi, friji, betri za sola na tangi la maji la lita 200, na tunaikodisha hapa Arusha kwa watu wanaopenda kulala porini lakini hawapendi kulala chini. Tangu igeuke nyumba, wenzangu wenye magari ya namna hii hawaniulizi sana habari za injini wala gia. Wananiuliza hili: "Kaka, gari linatikisika, nimeshabalansi mara mbili, bado. Tatizo nini?"

Tatizo mara nyingi si balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu kwa virisasi vinavyobandikwa kwenye rimu. Basi la abiria hushusha mzigo kila kituo na usiku hulala tupu. Gari la kulala halishushi kitu. Kabati, vitanda, maji na mtungi wa gesi vimelikalia likiwa barabarani na likiwa limeegeshwa uani miezi mitatu, na vyote vinaegemea matairi yale yale sita. Ndiyo maana matairi yake huzeeka kabla kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) hazijaisha, hupata bapa kwa kusimama, na huchoka upande mmoja kabla ya mwingine. Mashine ya balansi hulizungusha tairi likiwa hewani bila mzigo wowote, kwa hiyo mengi ya hayo haiyaoni.

Nafuata dalili moja baada ya nyingine. Mifano ni ya Coaster ya matairi ya inchi 16, nyuma manne, lakini mwenye Rosa, Civilian au Canter iliyogeuzwa nyumba atajiona humu humu.

Usukani unatikisika kuanzia 70 hivi, ukipunguza unatulia

Hapa ndipo balansi inapohusika kweli, na ni ya mbele. Tairi la 7.00R16 likizunguka mara moja linakula karibu mita 2.4 za barabara, kwa hiyo ukiwa kwenye 80 linazunguka mara tisa kila sekunde. Gramu 50 zikizidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, kwa spidi hiyo ni sawa na mtu anayelivuta gurudumu kwa nguvu ya kilo tatu na nusu huku akizunguka nalo mara tisa kwa sekunde. Kwenye 40 nguvu hiyo inabaki robo. Ndiyo sababu mjini gari limetulia kama maji mtungini, ukishaipita Usa River tu usukani unaanza kucheza.

Lakini usikimbilie mashine. Mwaka juzi tulirudi kutoka Ziwa Natron mvua za masika zikiwa zimeanza. Kuanzia Makuyuni, lami safi, usukani unatetemeka mpaka vikombe kabatini vinaimba. Nikasimama kwa fundi tairi wa kwanza niliyemwona. Kijana akaja mbio na jeki: "Bosi, hii balansi tu, tunaimaliza sasa hivi." Pembeni alikuwepo mzee anayeziba pancha, hata hakunyanyuka kwenye ndoo aliyokalia. "Mwanangu, hebu pitisha mkono nyuma ya rimu kwanza." Nikapitisha. Tope la njiani lilikuwa limekauka humo ndani kama saruji, nusu ya duara, nusu nyingine safi. Tulilibandua kwa bisibisi, vipande tukaviweka kwenye mizani ya muuza nyanya jirani: karibu nusu kilo. Ndoo mbili za maji na brashi, tukaondoka. Yule mzee nilimpa shikamoo ya pili.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Osha rimu ndani na nje, kisha endesha tena. Bado? Tafuta alama za virisasi vilivyodondoka: kwenye ukingo wa rimu utaona kijisehemu kisafi, chenye umbo la risasi, kilichozungukwa na uchafu wa siku nyingi. Angalia pia kama kuna mtu aliwahi kumwaga ile gundi ya kuzuia pancha ndani ya tairi lisilo na tyubu. Gari likisimama muda mrefu, gundi hutuama chini na kuganda hapo, na hakuna risasi itakayotibu uzito unaohama. Tairi la tyubu nalo lina vyake: tyubu iliyokunjika ndani, flapu (ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu) iliyopanda upande, au maji yaliyoingia kutoka kwenye kompresa ambayo haijawahi kutolewa maji yake.

Ukifika kwenye mashine, kazi yako ni kumtazama fundi anavyolifunga tairi. Rimu za magari haya zina tundu kubwa katikati, na vituo vingi vina koni (zinazoshika rimu kwenye mashine) za magari madogo tu. Rimu isipokaa katikati ya ekseli ya mashine, namba zinazotoka ni za kubahatisha. Kuna jaribio la dakika mbili: fundi akishabalansi na mashine ikasoma sifuri, mwombe alegeze, alizungushe tairi nusu mzunguko juu ya ekseli, alifunge tena na kulizungusha. Ikisoma sifuri au karibu na hapo, lipa. Ikisoma gramu 40, mashine ilikuwa inapima ufungaji wake yenyewe, si tairi lako. Wapo wanaokasirika ukiwaomba hivyo. Wengine wananunua koni kubwa wiki inayofuata, nao ndio ninaowarudia.

Rimu zenye pete, zile za zamani za tyubu, zinabalansika lakini kwa kiasi. Pete yenyewe ina pengo, na mahali pa pengo ni pepesi. Ninapofunga huliweka pengo mkabala na valvu, vitu viwili visisaidiane vibaya. Na hapa nitie neno lisilohusu mtikisiko: pete isiyokaa vizuri huruka tairi linapojazwa upepo, na ikiruka inaua. Tairi la pete lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa minyororo, pete ikitazama chini, na wewe usimame mbali na upande wake. Anayeigonga pete kwa nyundo huku upepo unaingia, mchukulie tairi lako uondoke.

Linachechemea hata kwenye 20

Hii siyo balansi kabisa. Kwa spidi hiyo gramu 50 hazina nguvu ya kutikisa hata sahani. Gari linalochechemea kama lililovaa kiatu kimoja lina gurudumu lisilo duara.

Kama lilikuwa limesimama wiki kadhaa, anza na bapa. Mpira uliobebeshwa uzito sehemu moja kwa muda mrefu husawazika pale ulipogusa chini, na upepo ukiwa pungufu husawazika zaidi. Endesha polepole kilomita 20 hadi 30, mpira upate joto. Mtikisiko ukiisha njiani, ilikuwa bapa ya muda na huna haja ya fundi. Usipoisha, bapa imekuwa ya kudumu au kuna jambo baya zaidi. Sisi tukijua gari litasimama zaidi ya mwezi, tunamwaga tangi la maji, tunajaza upepo hadi kiwango chake kamili, na kila wiki mbili kijana wetu analisogeza robo mzunguko wa tairi. Mwenye uwezo wa kulipandisha juu ya stendi apandishe.

Jambo baya zaidi ni nyaya za ndani kuachana na mpira. Inua gurudumu kwa jeki, chukua kijiti au msumari mrefu, uegemeze kwenye tofali ncha yake ikikaribia kashata bila kugusa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Pengo likipanuka na kujibana kwa zaidi ya milimita tatu, gurudumu si duara. Sasa sogeza ncha ile ile kwenye ukingo wa rimu. Rimu ikiyumba, rimu imepinda. Rimu ikitulia na tairi likiyumba, tazama ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na ukingo wa rimu: umbali wake na chuma uwe sawa pande zote. Mahali unapozama, tairi halikukaa vizuri kwenye rimu, na dawa yake ni kutoa upepo, kupaka sabuni na kulikalisha upya. Mstari ukiwa sawa na bado kashata zina nundu au zinapinda kama mto wakati wa mafuriko, tairi hilo limekufa kwa ndani. Halifai hata kuwa la akiba. Uvimbe ubavuni ni vivyo hivyo.

Kiti na sakafu vinatikisika, usukani umetulia

Shuka na tochi, chungulia kati ya matairi ya nyuma. Jiwe lililobanwa katikati ya pacha, yale matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, ndilo mshukiwa wa kwanza kwa gari lolote lililotoka kwenye kifusi, na ukilichelewesha linakata mbavu za matairi yote mawili kwa pamoja. Pia wakati mwingine linachomoka kwenye lami na kumfuata wa nyuma kama risasi ya bunduki. Toa upepo kwenye tairi la nje lilegee, kisha toa jiwe. Kulitwanga kwa nyundo kunalizamisha.

Hakuna jiwe? Sikiliza aina ya mtikisiko. Gurudumu hutikisa kwa mapigo mazito unayoweza karibu kuyahesabu. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo mtikisiko wake ni mvumo, unaingia kwenye miguu kama simu inayoita mfukoni. Na propela hubadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta, wakati gurudumu halijali, linafuata spidi tu. Ukisikia mvumo, nenda kwenye krosi na beringi ya kati ya propela, achana na matairi.

Linatikisika ukishika breki tu

Diski au dramu. Matairi yaache.

Limepiga shimo, magurudumu ya mbele yanapiga ngoma mpaka usimame karibu kabisa

Kingpini au boljointi kutegemea aina ya gari, tairod, beringi za hab, shokapu zilizokufa. Balansi mbovu inaweza kuwa kiwashio, lakini kuni ni ulegevu. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulisukume, kisha kulia na kushoto. Likicheza, anza huko. Kubalansi gari lenye kingpini iliyolika ni kumpaka poda mgonjwa wa malaria.

Tairi linaliwa vibaya

Pitisha kiganja, usitazame tu. Mabega (kingo za kashata) yote mawili yameliwa na kifua (katikati) kimebaki: upepo ulikuwa mdogo au mzigo mkubwa. Kifua kimeliwa, mabega mazima: upepo umezidi, jambo la nadra kwenye magari haya. Bega moja tu la tairi la mbele: alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, au bushi zilizochoka kiasi kwamba alaimenti haikai. Kashata laini ukipitisha kiganja kuingia ndani lakini zinakwaruza ukikirudisha, kama kusugua samaki kinyume na magamba: magurudumu ya mbele hayaangalii sambamba. Mabonde mabonde yaliyoachana kwa umbali unaolingana: shokapu, au balansi iliyopuuzwa muda mrefu. Hilo la mwisho linachanganya watu, kwa sababu tairi likishapata mabonde litatikisa na kunguruma hata ukilibalansi kwa gramu. Ugonjwa ulipona, kovu linapiga kelele.

Alaimenti ya gari la kulala ipimwe likiwa na mzigo wake wa safari, maji yamejaa, gesi ipo. Ukipeleka tupu, springi zimenyanyuka, utarekebishiwa gari ambalo huliendeshi.

Mizani inasema nini na tairi linasema nini

Hapa ndipo nilipochelewa kujifunza, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Chukua namba iliyo ubavuni. Yangu yameandikwa 117/116L. Namba ya kwanza ni mzigo wa tairi likiwa peke yake: 117 ni kilo 1,285. Ya pili ni likiwa pacha: 116 ni kilo 1,250. L ni spidi, 120. Kwa hiyo mbele uwezo wangu ni kilo 2,570, nyuma 5,000, tena upepo ukiwa ule wa juu ulioandikwa kwenye tairi. Ukipunguza upepo, uwezo unapungua.

Watu husema, "Mbona mizani ya TANROADS tunapita bila neno?" Mtapita tu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ya mwaka 2016 inauruhusu mhimili mmoja wa nyuma wenye matairi manne kubeba hadi tani 10. Matairi yangu manne yakijumlishwa yana uwezo wa tani 5. Mizani ile inailinda barabara. Tairi lako hakuna anayelilinda.

Nenda kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa vyuma chakavu, gari likiwa na kila kitu na watu wake wote. Panda magurudumu ya mbele tu, andika. Ya nyuma tu, andika. Kisha, kama sehemu inaruhusu, upande mmoja mmoja. Sisi tulipata nyuma kilo 3,420. Nikafurahi, tuko chini sana ya tani 5. Kisha tukapima pande: kushoto 1,890, kulia 1,530. Tangi la maji, jiko na betri vyote fundi seremala alivipanga kushoto kwa sababu mlango wa mbele uko kushoto na bomba lilikuwa fupi. Juu ya hapo tunaendesha kushoto na barabara zetu zimeinamia kushoto ili maji ya mvua yatoke.

Kilo 1,890 kwa matairi mawili ni 945 kila moja, hakuna shida. Shida inakuja la ndani likipungua upepo bila wewe kujua, maana huliona. Mwenzake wa nje anachukua mzigo wote: 1,890 juu ya tairi la 1,250. Halipasuki siku hiyo. Linapika nyaya zake polepole, na linapasuka wiki mbili baadaye, ukiwa umeshaziba la ndani na kusahau. Ndipo utamsikia mtu akisema tairi jipya, upepo upo, limepasuka bila sababu. Tulihamishia betri kulia, tofauti ikapungua, na sasa lolote kati ya pacha likikutwa chini ya nusu ya upepo wake, mwenzake naye anashushwa kukaguliwa.

Upepo wenyewe ufuate upande mzito: mhimili mmoja, kipimo kimoja kulia na kushoto, kile kinachotosha upande uliolemewa. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Tairi la psi 75 hubadilika karibu psi 3 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo uliyejaza Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32 ukalala Lushoto kwenye 12, asubuhi utakuta psi kadhaa zimepotea bila pancha yoyote. Na kinyume chake: umesimama Chalinze, tairi la moto, geji inasoma juu, usitoe hata kidogo. Ukitoa, likipoa litakuwa chini.

La ndani linapungua kila wiki

Kabla ya kulishusha, paka povu la sabuni kwenye kile kirefusho cha valvu kilichochomekwa ili ulifikie ukiwa nje. Vile vya mpira hunesa, hugonga rimu ya nje na kuchanika pale vinapoingia. Vya chuma vilivyoshikwa na kibano hudumu. Geji ndiyo pekee inayokubalika hapa. Kupiga tairi kwa rungu na kusikiliza kunakwambia limeisha au halijaisha, hakutenganishi 75 na 50.

Kashata nzima, limepasuka

Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta upande mmoja hazipo, zimekaa upande wa pili, na kwenye pacha ni kawaida ziwe zimetazama ndani, hivyo utalala chini ya gari. Michelin hushauri tairi lililofikisha miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linapendeza. Kwa jua letu na uzito usioshuka, mimi ya mbele siyapitishi miaka 7. Gari letu hutembea kilomita chache kwa mwaka kuliko daladala inavyotembea kwa miezi miwili, kashata haziwezi kuisha. Kinachoisha ni mpira. Ukilipinda bega kwa dole gumba ukaona nyufa zinafunguka kama kisigino cha kiangazi, umri wake umefika. Gari likiwa uani, magunia ya katani juu ya matairi yanatosha kuzuia jua. Dawa za kung'arisha nyeusi ti sizipaki.

Ukishaamua kubadilisha

Tarehe kwanza, bei baadaye. Tairi "jipya" lililokaa dukani miaka minne limeshakula nusu ya maisha linayokuja kuishi kwako. Ya mtumba kwa gari la kulala sinunui kabisa, hata yakija na kashata za kuchoma vidole. Namba ya mzigo isiwe chini ya iliyokuwepo. Tairi la waya na la nailoni yasikae mhimili mmoja. Pacha zilingane urefu: zisimamishe sambamba, weka ubao ulionyooka juu yake, na tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6, maana kubwa litabeba na dogo litaburuzwa. Jipya na kuukuu yasifungwe pacha. Ukiwa na fedha za mawili tu, yaweke mbele, na yale ya mbele yaliyo hai yaende nyuma. Tyubu na flapu ziwe mpya pia, tyubu iliyotanuka ikirudishwa hujikunja.

Kwenye kufungua, angalia kichwa cha stadi, ile bolti inayoshika gurudumu. Magari mengi ya Kijapani ya umri huu yana herufi L upande wa kushoto, na hapo nati hufunguka kinyume. Nimeona vijana watatu wakipanda juu ya bomba lililochomekwa kwenye wili spana, wakikaza kwa nguvu zote huku wakiapa kwamba imeshika kutu. Stadi ikakatika, nao wakaanguka pamoja nayo.

Gari liwe tambarare, hendibreki imefungwa, kabari pande mbili za gurudumu la mkabala, ubao mnene chini ya jeki, na usiingize mwili chini kabla ya kuweka stendi. Mwage maji ya tangi kama uko kambini, ni kilo 200 za bure. Safisha kwa brashi ya waya pale rimu inapokutana na hab na pale pacha zinapokutana. Rangi nene, kutu na mchanga huonekana si kitu, ila vikishabanwa husagika, nati zinabaki zimelegea. Mtikisiko mwingi wa "baada ya kubadilisha tairi" uko hapo, rimu imekaa juu ya ganda la kutu upande mmoja.

Kama nyuma kuna nati mbili mbili, ya ndani inashika tairi la ndani na ya nje inapanda juu yake. Kukaza ya nje tu hakukazi ya ndani. Legeza ya nje moja, kaza ya ndani, rudisha ya nje, uende kwa inayofuata mkabala, usizilegeze zote pamoja. Kaza kwa kuruka mkabala, si kwa kuzunguka, na umalizie kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mashine ya upepo itumike kusogeza nati tu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena, zote, hata kama ulikaza mwenyewe. Mimi huchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati kuingia kwenye rimu, rangi ya mke wangu, nyekundu, na asubuhi nikizunguka gari na kikombe cha chai naona mstari uliovunjika kabla sijamaliza kikombe.

Limebaki la akiba, linaloning'inia chini nyuma. Lishushe leo. Mara nyingi mnyororo wake umeshika kutu kiasi kwamba hautashuka usiku utakapouhitaji, na ukishuka utakuta DOT ya gari lilipotoka Japani.